Kifua cha mgonjwa wa pumu kimekaza mezani, tuanze kutafuta wapi?

Hii naandika kwa wenzangu tunaolaza watu usingizi kwa ajili ya upasuaji, hasa maafisa usingizi wa hospitali za wilaya, na wale madaktari wapya wanaoletwa theta (chumba cha upasuaji) wiki mbili alafu wanaachiwa zamu ya usiku peke yao. Mgonjwa wa pumu akisoma pia ruksa, kuna mambo humu yatamsaidia kujua aseme nini kabla hajapanda mezani.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma nilikuwa na kijana wa henia, pumu anayo tangu utotoni, inhela yake kaiacha wodini kwenye mfuko wa suruali. Tukamlaza vizuri tu, tyubu ya kupumulia ikaingia mara ya kwanza, gesi ya usingizi, halotheni, inaenda, presha ya njia ya hewa 18. Upasuaji umeanza, dakika kama kumi hivi, mkono wangu ukiwa kwenye bagi ya kumsukumia hewa nikahisi ukuta. Unaminya, haiendi. Mshale umepanda mpaka 40 na kitu. Kichwani jibu ninalo tayari, pumu hiyo, si ndo faili linavyosema? Nikaongeza halotheni, nikapiga haidrokotizoni, nikaagiza aminofilini ya kufungua mirija, watu wanakimbizana kuitafuta kabatini, saturesheni ya oksijeni imeshuka 88, jasho linanitoka mpaka kwenye barakoa. Sista mmoja aliyekuwa anapita tu kurekebisha taa akainua ile shuka ya kijani kidogo akaniuliza, "Kaka, hili bomba linatakiwa likunjike hivi?"

Tyubu ilikuwa imejikunja pembeni ya mdomo, pale plasta ilipolegea kwa mate, kona kali kabisa kama mrija wa soda uliotafunwa na mtoto. Nikainyoosha. Mshale ukarudi 18. Aminofilini ikafika mlangoni muda huo huo, nashukuru haikuwahi.

Tangu siku hiyo nina mpangilio wangu, na huwa siuruki hata kama faili limeandikwa PUMU kwa kalamu nyekundu. Kwanza mashine, pili tyubu, tatu kifua, na hapo kwenye kifua ndo unauliza ni msuli au siyo msuli. Watu wengi tunaanza mwisho.

Dalili: bagi imekuwa ngumu ghafla, bado hujui kwa nini

Weka oksijeni asilimia 100 na uminye kwa mkono, mashine usiiachie ikupumulie maana mkono unakwambia mambo ambayo mashine haikwambii. Alafu chomoa mabomba ya mashine kwenye tyubu, chomeka Ambu (ile bagi ya kupumulisha kwa mkono) moja kwa moja, minya. Ikienda laini basi mgonjwa wako mzima, tatizo liko kwenye mashine, valvu imeganda, bomba limekanyagwa na gurudumu la meza (nimeliona hilo), au ile filta imelowa imejaa maji na makohozi mpaka imeziba. Filta ndo inasahaulika kuliko vyote kwa sababu inaonekana nyeupe na safi kwa nje.

Ikiwa bado ngumu kwa Ambu, shuka kwenye tyubu. Pitisha mrija wa kufyonza ndani yake. Ukipita mpaka chini bila kukwama, tyubu iko wazi. Ukikwama njiani, aidha imejikunja, aidha mgonjwa anaing'ata kwa kuwa usingizi umepungua, aidha kuna kohozi zito limekaa kama kizibo. Kafu nayo, lile puto la tyubu, ikijazwa hewa kupita kiasi inaweza kuvimba ikafunika mdomo wa tyubu kwa chini, hivyo toa hewa kidogo uone. Ukishindwa kabisa kujua na mgonjwa anazidi kuwa mweusi, itoe tyubu umpe hewa kwa barakoa, kuliko kuendelea kupigana na bomba lililoziba.

Hayo yote ukiwa na mazoea yanachukua kama nusu dakika. Hapo sasa ndo weka stetoskopu, pande zote mbili, na juu ya tumbo.

Dalili: mluzi upande mmoja tu, au upande mmoja hauna sauti

Hii siyo pumu. Pumu inabana pande zote. Mara nyingi tyubu imezama sana imeingia pafu la kulia, angalia namba mdomoni, ivute polepole sentimita moja au mbili huku unasikiliza kushoto. Ukute namba iko sawa na upande mmoja unalia kama ngoma ukiugonga kwa kidole, na presha ya damu inaporomoka, hiyo ni hewa imejaa nje ya pafu, na mwenye pumu yuko kwenye hatari yake kwa sababu ya presha tunayomsukumia. Hiyo ina haraka yake, sindano kifuani kabla ya kuwaza picha ya eksirei. Na kama ulikuwa unatumia gesi ya naitrasi, ifunge, maana inaingia kwenye hiyo hewa iliyonaswa na kuizidisha.

Dalili: mluzi pande zote mara tu tyubu ilipopita kwenye nyuzi za sauti

Hapa ndo msuli wenyewe. Mirija ya hewa imezungushiwa msuli laini, hauko chini ya amri yako, huwezi kuukaza wala kuulegeza kwa kupenda. Amri yake inatoka kwenye neva ya vagasi, ambayo inamwaga asetilikolini, asetilikolini inashika kwenye kipokezi kinachoitwa M3, kalsiamu inapanda ndani ya seli, msuli unajikunja. Kipande cha plastiki kikisugua koo ambalo halijalala vya kutosha, vagasi inapiga kelele na msuli unaitikia. Inaweza kumpata hata asiye na pumu, mvutaji sigara kwa mfano, ila mwenye pumu msuli wake ni mnene zaidi na una hasira zaidi.

Na usidharau kubana kidogo. Hesabu ya fizikia inasema, hewa ikiwa inapita kwa utulivu, ukipunguza upana wa mrija kwa nusu, ugumu wa kupitisha hewa unaongezeka mara 16. Siyo mara mbili jamani, 16. Ndo maana mgonjwa anaweza kutoka "yuko sawa" mpaka "hapitishi kitu" ndani ya pumzi tano.

Sababu kubwa hapa ni moja, usingizi mwepesi. Tiba ya kwanza ni kumlaza zaidi, na dawa uliyotumia kumlaza ina maana kubwa. Mwaka 1995 kuna utafiti ulitoka kwenye jarida la Anesthesiology, walilinganisha wagonjwa wa pumu waliolazwa kwa dawa tofauti, wale wa thiopentoni na jamaa zake wa kundi hilo karibu nusu walipiga miluzi baada ya tyubu, wa propofoli hakuna hata mmoja. Siyo kwamba thiopentoni inafunga mirija sana yenyewe, ni kwamba haizimi vizuri zile kelele za vagasi. Baadaye kundi la Charles Emala pale Columbia, New York, likaonyesha msuli laini wa mirija ya hewa wenyewe una vipokezi vya GABA, vile vile vya kwenye ubongo ambavyo propofoli inavishika. Yaani dawa unayodhani inaongea na kichwa tu, ina mlango wake mdogo hata kifuani.

Ketamini ni rafiki yetu wa siku nyingi, inapatikana mpaka vituo vya afya, na ushahidi wake ni wa zamani. Mwaka 1979 Carol Hirshman na wenzake walichapisha kazi ya mbwa wenye kitu kinachofanana na pumu, ketamini ikazuia kubana kwa mirija yao. Hao mbwa walikuwa chotara wa Basenji na Greyhound, na Basenji kama hujui ni mbwa wa kwetu huku, asili yake Kongo, na jina lake ni ndugu moja na lile neno letu la "shenzi" walilobandikwa watu wa bara enzi hizo. Mbwa wa washenzi ndo kawafundisha wenye maabara jinsi pumu inavyojibu dawa za usingizi. Mi huwa nacheka kila nikikumbuka.

Halotheni, isoflureni na sevoflureni zote zinalegeza msuli huu. Zinapunguza kalsiamu inayoingia kwenye seli, na kuna kazi ndefu ya Keith Jones na David Warner wa Mayo Clinic kule Marekani, wakitumia vipande vya msuli laini wa bomba kuu la hewa la mbwa, iliyoonyesha halotheni inafanya zaidi ya hapo, inaufanya msuli usiisikie vizuri hata ile kalsiamu iliyokwisha ingia. Desflureni ndo mwana mkorofi wa familia, inawasha koo, kwa mwenye pumu iache ilipo.

Mafua ya wiki iliyopita

Hii inastahili sehemu yake kwa sababu wazazi wanaficha. Mtoto kaletwa kwa ajili ya tonsili au henia, safari ya basi kutoka kijijini, nauli imeshatumika, wakiulizwa mafua wanasema hana. Unamlaza, kifua kinafunga.

Kinachotokea ni hiki. Mwisho wa neva ya vagasi kuna kipokezi kingine, M2, kazi yake ni breki, asetilikolini ikishamwagika inarudi kuishika M2 na M2 inaiambia neva basi inatosha. Allison Fryer na David Jacoby walionyesha kwa simbilisi kwamba virusi vya njia ya hewa vinaiharibu hiyo breki. Neva inabaki inamwaga tu. Kwa hiyo mafua yanaweza kuwa yameisha, pua imekauka, lakini breki bado haijapona, na ndo sababu tunasema kwa upasuaji usio wa haraka subiri wiki kadhaa, wengine wanakwenda mpaka sita kwa mwenye pumu.

Na hii M2 imeshaua dawa nzima. Kulikuwa na dawa ya kulegeza misuli inaitwa rapakuroniamu, ilipitishwa Marekani 1999, wakaipenda kwa sababu ya haraka yake, mwezi wa tatu 2001 ikaondolewa sokoni kwa sababu wagonjwa walikuwa wanafunga kifua, watoto haswa. Walipokuja kuichunguza maabara wakakuta kwa dozi ya kawaida inaifunga M2 kuliko M3. Imekata breki ikaacha mafuta wazi.

Dalili: umempa dawa ya kulegeza misuli na kifua bado kimekaza

Nalisikia sana hili, "nimempa rilaksanti ya kutosha mbona hafunguki". Hafunguki kwa sababu umeongea na msuli mwingine. Kuna misuli ya hiari, ya mkono, ya tumbo, na ile inayofunga nyuzi za sauti, hiyo inasikia rilaksanti kama suksi (suksametoniamu) na wenzake. Msuli laini wa mirija una vipokezi tofauti kabisa, suksi hauijui. Ukiona rilaksanti imesaidia basi ujue tatizo halikuwa mirija, mgonjwa alikuwa anakohoa au anasukuma kwa tumbo, au koo ndo lilikuwa limefunga.

Na hapo tofautisha mapema. Koo kufunga kunatokea zaidi pale ambapo hakuna tyubu, kabla ya kuiweka au mara tu ukiitoa, sauti ni ya juu, ya kuvuta ndani, kama jogoo anayekabwa, au hakuna sauti kabisa huku kifua kinabonyea. Mirija kubana sauti yake ni ya kutoa nje, ndefu, kama mluzi wa chai. Koo lililofunga suksi kidogo inafungua, na kwa mgonjwa mwenye tyubu iliyokaa sawasawa koo kufunga hakupo, toa kichwani.

Dalili: kifua kimya, hakuna hata mluzi

Usifurahi. Mluzi unahitaji hewa inayopita, pasipopita hewa hapalii kitu. Swali la kwanza siku zote, tyubu iko kwenye njia ya hewa kweli au iko tumboni? Ukiwa na kapnografu, ile inayochora kaboni daioksaidi anayotoa mgonjwa, iangalie. Mstari uliolala kabisa, amini tyubu iko pabaya mpaka uthibitishe vinginevyo. Ukiona mchoro unapanda kwa mshazari, hauna ile paa bapa, unafanana na pezi la papa, hapo ni mirija imebana, maana kila sehemu ya pafu inatoa hewa yake kwa wakati wake.

Kama mashine yako inakuonyesha presha mbili, ya kilele na ya wakati hewa imesimama, zitumie. Kilele kimepanda lakini ya kusimama iko chini, tatizo ni njia, msuli au tyubu au kohozi. Zote zimepanda, pafu lenyewe au kifua kimekuwa kigumu, maji kwenye mapafu, hewa nje ya pafu, tumbo lililojazwa gesi kwa upasuaji wa kamera, au mgonjwa mnene kainamishwa kichwa chini.

Kifua kikiwa kimya na presha ya njia ya hewa iko juu, gesi yako ya halotheni haifiki popote hata ukifungua vepolaiza mpaka mwisho. Hili watu hawalifikirii. Dawa ya kuvuta inahitaji mvutaji. Hapo njia ni mshipa, ketamini, au adrenalini kwa dozi ndogo ndogo za maikrogramu, 10 au 20, unasubiri unaangalia monita kabla ya kurudia. Magneziamu gramu 2 kwa dakika 20 nayo inasaidia. Haidrokotizoni mpe lakini usikae kuingojea, inachukua masaa.

Dalili: umempulizia salbutamoli na hakuna kilichobadilika

Imeishia kwenye plastiki. Ukipuliza inhela kwenye tyubu, sehemu kubwa ya dawa inaganda kwenye kuta za bomba kabla haijafika kifuani, kwa hiyo mipulizo miwili ya kawaida haitoshi, tunazungumzia sita, nane, ukilenga wakati wa kusukuma hewa ndani.

Mbinu ya sirinji ya mililita 50 au 60 ni hivi, chomoa ile fimbo ya kusukumia, ingiza kikopo cha inhela ndani ya sirinji kikiwa kimepinduliwa, kile kichuchu chake kikae sawa kwenye tundu la mbele, rudisha fimbo nyuma yake, funga ncha ya sirinji kwenye lile tundu la pembeni la kiungio kilicho karibu na tyubu. Minya bagi, papo hapo sukuma fimbo. Utasikia "tss" kwa ndani. Fanya mazoezi na inhela iliyokwisha, siku ya shida vidole vinatetemeka na kikopo kinateleza.

Kwa mgonjwa aliye macho huko wodini, chupa ya maji ya plastiki ya mililita 500 inatosha. Utani sifanyi, Heather Zar na wenzake kule Cape Town walilijaribu hilo kwa watoto wenye pumu, likachapishwa Lancet 1999, chupa iliyotobolewa kitako na kuzibwa vizuri kuzunguka inhela ilifanya kazi sawa na kile chombo cha dukani. Kikombe cha plastiki ndo kilishindwa. Kwa hiyo kabla ya theta, inhela na chupa viende na mgonjwa, visibaki na suruali.

Dalili: mluzi na presha ya damu inaanguka

Njia mbili hapa, zote zinaua, na tiba zake hazifanani.

Ya kwanza umeisababisha wewe. Hewa inaingia, haipati muda wa kutoka, unasukuma nyingine juu yake, kifua kinajaa kama mpira wa miguu, damu haiwezi kurudi kwenye moyo. Chomoa bomba kwenye tyubu, bonyeza kifua taratibu, sikiliza hewa inavyotoka, inaweza kuendelea kutoka muda ambao hukuutegemea. Presha ya damu ikipanda umepata jibu. Alafu ukirudi punguza kasi, pumzi 8 mpaka 10 kwa dakika, muda wa kutoa uwe mrefu mara nne ya wa kuingiza, na usihangaike na kaboni daioksaidi iliyopanda kiasi, haiuwi haraka kama hewa iliyonaswa.

Ya pili ni aleji kali. Angalia ngozi chini ya shuka, vipele, wekundu, kope zimevimba, na jiulize nini kimeingia dakika tano zilizopita, antibaiotiki? suksi? Lakini ngozi isikudanganye, wakati mwingine presha ikiwa chini sana ngozi haionyeshi kitu mpaka baadaye. Hapa adrenalini ndo dawa, siyo salbutamoli, na usiione aibu kuitoa mapema.

Ila sasa angalizo la sisi tunaotumia halotheni, dawa iliyoanza kwa binadamu Manchester 1956 na wenzetu wa nchi tajiri wameshaisahau. Halotheni inaufanya moyo uwe mwepesi kushtuka kwa adrenalini, na aminofilini nayo ina mchezo huo huo. Ukizichanganya unaweza kutibu kifua ukaharibu mapigo. Kwa hiyo ukiamua adrenalini, punguza au funga halotheni, endelea na ketamini. Aminofilini kwa mgonjwa aliye kwenye halotheni mi nimeacha, faida yake ndogo na ubaya wake naujua.

Kwa nini mwenye pumu haponi kwa kuvutishwa pumzi kubwa

Wengi tuna tabia, kifua kikibana kidogo tunampa pumzi mbili tatu kubwa "kumfungua". Kwa mtu asiye na pumu kweli inafungua, msuli ukivutwa unalegea, ndo maana ukipiga miayo unajisikia vizuri. Gwen Skloot, Permutt na Togias walionyesha mwaka 1995 kwamba kwa mwenye pumu hiyo faida karibu haipo, msuli wake haulegei kwa kuvutwa kama wa wengine. Ongeza kwamba usingizini hewa inayobaki mapafuni baada ya kutoa pumzi inapungua kama nusu lita, mirija inasinyaa, na mashine inampa pumzi za ukubwa ule ule kama saa ya ukutani, hakuna kushusha pumzi, hakuna miayo. Kwa hiyo usishangae ukimpa pumzi kubwa na hakuna kitu zaidi ya kumjazia hewa.

Dalili: alikuwa safi, kafunga wakati wa kumwamsha

Mtuhumiwa wa kwanza ni neostigmini. Inazuia asetilikolini isivunjwe, ili misuli ya hiari irudi, sawa, lakini asetilikolini ile ile inajazana kwenye mirija. Atropini, inayoizuia asetilikolini isishike kwenye mirija, inatakiwa itangulie au iende pamoja nayo, dozi kamili, siyo "nusu ampuli imebaki basi weka hiyo". Mtuhumiwa wa pili ni tyubu yenyewe, usingizi unapungua na plastiki bado iko kooni. Fyonza makohozi wakati bado kalala sana, mpulizie salbutamoli kabla hajaanza kukohoa. Wengine wanaitoa tyubu mgonjwa akiwa bado kalala, ni nzuri kama tumbo halina kitu na uliweza kumpa hewa kwa barakoa kirahisi mwanzoni. Kwa mama wa upasuaji wa dharura aliyekula ugali saa mbili usiku, sahau hiyo, aamke kwanza. Na kama unaweza kumchoma ganzi ya mgongoni toka mwanzo, mchome, msuli ambao hujauchokoza hauna cha kukujibu.

Dalili: karudi wodini mzima, masaa mawili baadaye wanakuita

Uliza kachomwa nini. Diklofenaki, ile ya maumivu. Baadhi ya wenye pumu, hasa watu wazima wenye vinyama vya puani, aspirini na ndugu zake wote zinawafunga kifua, na kwenye wodi zetu diklofenaki inaandikwa kwa mazoea bila mtu kuinua faili. Swali "ukinywa aspirini au diklofenaki kifua kinakuwaje" liulizwe siku moja kabla, pamoja na lini mara ya mwisho alilazwa wodini kwa pumu na lini alitumia inhela. Hayo ya lini yana uzito kuliko neno pumu lenyewe. Kule Mayo Clinic walipitia mafaili ya wagonjwa 706 wa pumu waliofanyiwa upasuaji, ripoti ikatoka 1996, waliobanwa mirija walikuwa asilimia 1.7 tu, na waliosumbua zaidi ni wale ambao pumu yao ilikuwa imewaamsha karibuni, walioenda hospitali juzi juzi au waliokuwa bado wanameza dawa.

Yule kijana wa henia alipoamka kitu cha kwanza aliuliza inhela yake iko wapi. Nikamtuma mtu wodini akachukue suruali.